Pa Kuegemeza Kidole

9 Januari

Dada Rula,

Shikamoo nyingi kutoka kwa kitindamimba wenu. Huku tunapumua. Wifi yako amepewa usimamizi wa chumba cha kushonea mapazia pale kiwandani kwao, na sasa anatuamrisha hata nyumbani: viatu hapa, taulo pale. Mama goti lake likoje? Mwambie nimeona dawa ya kuchua, nitaituma.

Nimeona niandike badala ya kupiga. Simu ya mwisho ulinikatia, na barua haikatiki. Utaisoma hadi mwisho hata kama umenuna.

Sasa usicheke. Kazini tumeanza mchezo. Kila Jumamosi tukishamaliza zamu, tunaunganisha meza mbili za kantini, tunazipangia vilima vya maboksi na mito ya karatasi za bluu, halafu tunapigana vita. Askari ni wa plastiki, urefu wa kidole gumba, kila mmoja na mkuki na ngao. Unarusha dadu, unapima hatua kwa rula, wajina wako, anayeuawa anatolewa mezani. Sharti moja: kila mtu apake rangi jeshi lake mwenyewe. Mwezi wa sita kuna shindano la jeshi lililopakwa vizuri kuliko yote.

Langu wameliita Jeshi la Tope. Mtunza stoo alimchukua jemadari wangu, akamnusa, akauliza ni nani aliyemtapikia. Nikakumbuka kwamba nina dada ambaye amepuliza rangi magari miaka ishirini na mbili. Nimekutumia watatu ndani ya pamba. Niambie ukweli.

Mdogo wako

25 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, uvimbe wa goti umepungua. Dawa ya kuchua unayoiahidi ni ya tatu tangu mwaka juzi. Mbili za kwanza bado tunazisubiri.

Simu nilikata kwa sababu ulisema kazi yangu ni kulalamika. Ni kweli nalalamika, lakini nalalamika huku nafanya. Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa na kompresa ya kuazima na gari moja lililogongwa. Leo nina mafundi saba na paa lisilovuja. Hakuna aliyenishika mkono, na wewe ulikuwa shule. Basi, limepita. Nimeliandika ili nisilirudie.

Nimewaweka askari wako juu ya benchi, kwenye mwanga wa mlango, nikawaangalia kwa kioo cha kukuzia. Mtunza stoo hakukuonea.

Kwanza, rangi ni nzito. Umeichota kutoka kopo ukaipaka vilevile, ndiyo maana nyuso zimefukiwa. Chukua kifuniko, weka matone mawili ya rangi na tone moja la maji. Paka mikono mitatu myembamba, siyo mmoja mnene. Subiri dakika ishirini kati ya mkono na mkono. Ishirini, siyo tano.

Pili, hukupaka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine. Hata gari jipya linapakwa. Anza na nyeusi, kwa sababu wewe ni mvivu na penye kona ambapo brashi haikufika patabaki kivuli badala ya plastiki tupu.

Tatu, ukimaliza rangi za msingi, chukua kahawia iliyozimuliwa mpaka iwe kama chai isiyo na maziwa, uimiminie mikunjo ya nguo. Itajikusanya yenyewe penye mashimo. Ikikauka, rudisha rangi angavu kwenye kingo tu: goti, bega, ukingo wa ngao. Hapo utaona mtu anatoka ndani ya plastiki.

Nne, askari asishikwe kwa vidole. Mgandishe juu ya kifuniko cha chupa, ushike kifuniko.

Kuna jambo moja dogo. Wote watatu wana doa jeupe kifuani, nyuma ya mkuki. Rangi ya fedha ya ncha ya mkuki imetua kifuani. Tuliza mkono.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefuata yote, hata dakika ishirini. Wifi yako ameniwekea saa ya jikoni, inalia, nami naruka kama nimeitwa na mwajiri.

Huku hatujambo. Wifi yako anasema nimeanza kuzeeka, kwa sababu juzi nilimimina chai nusu kikombeni na nusu kwenye sinia. Nikamwambia sinia nalo lina kiu. Mama asiambiwe, atasema ni baridi ya miguu.

Ukiwaona hawa wanne hutaamini ni mkono uleule. Ile chai ya kahawia ni uchawi. Jumamosi nimewapanga mezani, mtunza stoo akainama, akasema jeshi limenawa. Kutoka kwake hizo ni sifa. Bado madoa ya kifuani yananisumbua. Nikiyafuta naharibu nguo. Unapendekeza nini?

Kazi inakwenda. Nipo kwenye foklifti ileile, rafu zilezile. Wameongeza ngazi ya tano juu, kwa hiyo napandisha mzigo hadi shingo inauma.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi. Nilimwambia kuhusu sinia. Mimi sifichi vitu vya watu.

Hawa wanne ni kazi. Sikusifu ovyo, unanijua. Mwenye joho jekundu nimemwonyesha fundi wangu wa pati, anayeziba mabonde ya magari, akauliza kama ni wa kununua.

Sasa madoa. Nimekaa nimehesabu. Askari saba jumla, madoa kumi na tisa. Kifuani nyuma ya mkuki, kumi na moja. Shavuni nyuma ya ncha ya kofia, matano. Pajani nyuma ya ala ya upanga, matatu. Kwenye ngao hakuna hata moja. Tena kwenye ngao umechora mistari mitatu myembamba kama unywele, imenyooka.

Kwa hiyo mkono wako hautetemeki. Mkono unaotetemeka ungetetemeka na kwenye ngao. Brashi inakosea pale tu ambapo kitu kimejitokeza mbele. Inapitiliza. Sijui kwa nini. Labda taa ipo nyuma yako na kivuli kinakudanganya. Ihamishie kushoto, mbele, usawa wa sikio.

Kuna njia nyingine tunayotumia tukichora mstari kwenye mlango wa gari. Kidole cha mwisho cha mkono wa brashi kiegemeze kwenye kifuniko cha chupa. Mikono yote miwili iwe kitu kimoja. Hapo hata ukifumba macho, kidole kinajua ncha iko wapi.

Jaribu hilo la kidole.

Dada yako

2 Aprili

Dada Rula,

Shikamoo, na ikiwezekana nikupigie na saluti. Fungua pamba taratibu. Watano, hakuna doa. Hesabu mpaka uchoke.

Ni kile kidole. Taa haikusaidia kitu, lakini kidole! Nimeegemeza, nikapumua, brashi ikatua penye ncha kama inzi penye asali. Nilikaa nikamwangalia yule wa kwanza nusu saa. Wifi yako alinikuta nafuta macho akadhani kuna msiba. Sijui nikuambieje, dada. Kwa miezi nilidhani haiwezekani tena. Sasa najua ni mazoezi tu.

Watu wa kantini wanasema mwezi wa sita ni wangu. Jina la Jeshi la Tope limehamishiwa kwa dereva wa zamu ya usiku.

Kazini kulikuwa na kamzozo. Boksi za vigae zilidondoka kutoka ngazi ya nne. Walisema ubao wa chini ulikuwa umeoza, na kweli mbao za siku hizi hazina maana. Hakuna aliyeumia. Mpakiaji wa upande ule alikuwa amekwenda kunywa maji. Tarehe 20 Mei kuna upimaji wa afya wa madereva wote, jambo la kila baada ya miaka miwili, halina neno.

Mwambie Mama soksi navaa.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Barua hii nimeianza mara nne.

Watano wako ni wazuri. Niliwapanga dirishani, nikafurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu fundi wangu wa kuchomelea alikuja kuchukua tina ya kuzimulia rangi. Ni yule aliyerukiwa na cheche jichoni mwaka juzi. Alinyanyua dumu akamimina, na kabla hajamimina akagusisha mdomo wa dumu kwenye ukingo wa kopo. Anafanya hivyo kila mara. Nimeizoea, sikuwa naiona tena.

Ngoja nikueleze huyu fundi nilimtendea nini. Miezi miwili baada ya ile cheche alikuwa anamwaga tina chini. Anaweka kikombe mezani kinadondoka, kwa sababu amekiachia kabla hakijafika. Nilimwita mlevi mbele ya wenzake. Nilimsimamisha wiki mbili. Kumbe jicho moja lilikuwa limekufa, na mwenye jicho moja hapimi umbali. Anaona kila kitu, rangi, mstari, uso wa mtu. Hajui tu kiko mbali kiasi gani. Ndipo akajifunza kugusa kwanza.

Madoa kumi na tisa, mdogo wangu. Chai kwenye sinia. Boksi za vigae. "Kwa miezi nilidhani haiwezekani tena." Ni miezi ipi hiyo, ikiwa mchezo ulianza Januari?

Baba alikohoa miaka mitatu akisema ni vumbi la msasa. Majirani watatu walijua kabla yangu. Nilijua siku alipoanguka kwenye gari la mteja, na kesho yake ikabidi nimalize kupuliza lile gari. Katika familia hii mimi ni wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuitwa. Nimechoka na nafasi hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mchukue askari mmoja, mpake nyeusi tupu. Kaa wima. Usiegemeze kidole, kiwiko, wala mkono. Gusa ncha ya mkuki kwa rangi nyeupe mara ishirini, kwa mwendo wa kawaida. Usifute chochote. Nitumie. Ukiipata mara kumi na nane nitakuomba radhi kwa maandishi, na unajua sijawahi.

Nimeandika barua nyingine, kwa msimamizi wa godauni lenu. Ipo kwenye droo, ina stempu. Ikifika tarehe 15 Mei sijampata huyo askari, naiposti. Kule juu kwenye ngazi ya tano huna pa kuegemeza kidole. Mimi ndiye niliyekufundisha kuegemeza, na nimekaa siku tano nikilifikiria hilo.

Dada yako

3 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Wiki mbili na siku mbili, kimya. Nilimpigia wifi, akasema uko salama, umebanwa na kazi, sauti yake ikiwa ya mtu aliyesimama karibu na mtu mwingine.

Sihitaji maelezo. Nataka askari.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu. Nilikuwa nimesimama karibu naye, ndiyo.

Barua yako nilikaa nayo siku ishirini. Siku ya kwanza niliichana. Siku ya pili niliiunga kwa gundi ya askari. Nilikuandikia majibu mabaya ambayo sitayatuma, mengi yakianza na neno "wewe". Nilikuomba rangi, ukaniletea Baba.

Askari huyu hapa. Nilikaa wima, kidole hewani. Mara ishirini. Sikufuta.

Ilikuwa Oktoba. Mkanda wa chuma wa kufungia boksi ulikatika ukanipiga jicho la kushoto. Miwani ya kazi nilikuwa nimeipandisha kwenye paji la uso, kwa hiyo sikuripoti. Daktari wa zahanati alisema litarudi. Halikurudi. Naona mwanga wa taa nalo, basi. Wiki ya kwanza nilikanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Mchezo wa kantini ulipoanza, nilisema hiki ndicho: kitu kidogo, karibu, cha kujipima nacho kila siku. Sikuwa najifunza kupaka rangi, dada. Nilikuwa najifunza kufika. Uliponipa lile la kidole, niliamini nimefika.

Ubao wa chini haukuwa umeoza.

Kwa tarehe 20 nilikuwa na mpango. Herufi za ule ubao wa kupimia macho nimezikariri, mistari saba, na muuguzi akisema fumba jingine ningefumba lilelile. Wifi yako alinisikia nikizikariri bafuni. Alizima taa ya korido akaniacha nitoke gizani.

Kesho asubuhi naurudisha ufunguo wa foklifti. Nitamwambia msimamizi mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaniuliza mtu. Naomba kitu kimoja tu, na sijakuomba vingi: ile barua iache kwenye droo. Hili niache niliseme kwa mdomo wangu. Ni kitu pekee nitakachotoka nacho mle.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Leo ni tarehe kumi na tano. Nimekwenda posta saa nne na nusu asubuhi. Nilisubiri kwanza gari la barua lipakuliwe, nikamwomba karani aangalie mara mbili. Hakuna kitu cha kwako.

Nimeiposti.

Usidhani nimefurahi. Nilihesabu: zamu sita kwa wiki, kwa uchache unapandisha mzigo mara sabini kwa zamu. Ni mara mia nne na ishirini kila wiki mtu anapita chini ya vyuma vyako, na siyo kila siku atakuwa amekwenda kunywa maji.

Dada yako

19 Mei

Mdogo wangu,

Kifurushi chako kilifika jana. Muhuri ni wa tarehe 11. Siku saba njiani, safari ambayo huchukua siku nne.

Nilirudi posta. Karani alisema mfuko umeshaondoka tangu siku ileile. Nimepiga simu yako mara sita, ya wifi mara tatu. Nilipiga na godauni, mlinzi akanishikisha simu mpaka ikakatika.

Mama nimemwambia. Alitaka kujua ni jicho lipi, nikamwambia la kushoto. Akafumba la kwake la kushoto, akazunguka chumba kizima akigusa viti.

Askari wako nimemweka chini ya kioo. Kifuani madoa kumi na matatu. Shingoni matatu. Yanayobaki ni manne: ama yaligusa ncha ya mkuki, ama brashi iliishia hewani, na hilo siwezi kulijua. Nimeamua kukupa yote manne.

Kwa mara ya kwanza sina cha kurekebisha. Hukudanganya hata doa moja.

Kuhusu barua: uliniomba kitu kimoja, ombi lenyewe likanifikia nikiwa nimeshalivunja. Kumi na nane hukufikisha, kwa hiyo radhi niliyoahidi hunidai. Hii ni nyingine. Niwie radhi.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako hajambo. Simu nilizima kwa sababu nilijua ni wewe.

Ufunguo niliurudisha tarehe 12, saa moja kasoro asubuhi, kabla ya zamu. Nilisema yote. Msimamizi alinisikiliza, akasema kwa miaka kumi na mitano hajawahi kuona dereva akijileta mwenyewe. Alinipa mkono. Akasema nikae pembeni, ataona la kufanya. Nilitembea hadi nyumbani siku hiyo, sikutaka kupanda kitu.

Barua yako ilifika tarehe 20. Aliniita ofisini, akaniwekea mezani niisome mbele yake. Ulikuwa umeandika humo kwamba umenipa hadi tarehe 15. Akasema taratibu, bila hasira, "Kumbe ulijua unakuja kuchongewa." Nilimweleza. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto. Mkono hakunipa tena.

Kwa hiyo nilichotoka nacho ni hicho.

Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu hukatiki na wewe. Lakini kuna sentensi moja humo ndani nimeisoma mara nyingi, ile ya mwisho: "Kama kuna adhabu, igawanywe, kwa maana aliyemfundisha kuficha ni mimi." Msimamizi aliniuliza maana yake nini. Nilimwambia ni mambo ya rangi.

Hawakunifukuza. Tangu wiki iliyopita niko getini, nahesabu mizigo inayoingia na kuandika kwenye daftari. Naegemeza kidole siku nzima. Jumamosi sikwenda kantini. Mtunza stoo alipitia askari wangu nyumbani, akasema atawaingiza kwenye shindano kwa jina langu. Nimempa wote, hata uliokuwa umenirudishia, isipokuwa huyo uliye naye. Huyo kaa naye. Marekebisho usinitumie kwa sasa. Nitakapotaka, nitatuma pamba.

Mama mwambie aache kugusa viti, atavunja na hilo goti.

Yule mpakiaji aliyekwenda kunywa maji anaingia kila siku saa moja kasoro robo. Hajui kitu. Ananipungia mkono, ananiuliza kazi mpya naionaje, na mimi namwandika: mmoja, ameingia.

Mdogo wako